Fundo la Thelathini na Moja

Fundo la mwisho halikuwa na mkono.

Niliona hivyo tulipofika kwenye lango la chekechea, nilipogeuka nyuma kama nigeukavyo kila asubuhi kabla ya kuwaambia watoto, "Achieni." Kamba ilikuwa imenyooka kutoka kwangu mimi niliyetangulia hadi kwa Kavumbi aliyeshika mkia. Kila fundo lilikuwa na kiganja kidogo kimelikumbatia, isipokuwa lile lenye kitambaa chekundu. Lilining'inia peke yake baina ya mtoto wa mwisho na Kavumbi.

"Pola yuko wapi?" nikauliza.

"Amerudi kwao," alisema Kavumbi bila kunitazama usoni. "Tulikuwa hatujatoka hata uwanjani kwao. Alisema bibi yake anamwita, nikamwacha akimbie."

Hapo ndipo nilipopaswa kuogopa. Sikuogopa. Nilikasirika.

Nieleze kwanza habari ya kamba, kwa sababu niliitengeneza mimi na nilikuwa nikijivunia. Kijiji chetu cha Mikwajuni kiko ng'ambo ya Vitengeni, nyumba moja huku, nyingine kule, na katikati kuna lambo. Lilichimbwa mwaka juzi kwa trekta. Kingo zake ni udongo mwekundu unaoteleza, na njia ya kwenda chekechea inapita hatua kumi tu kutoka kwenye maji. Mvua zilipolijaza, ndama wa Mzee Mwaringa alitumbukia, akaonekana siku ya tatu, amefura. Tangu hapo akina mama wakawafungia watoto nyumbani. Mwalimu Phoebe akawa anafundisha watoto sita, chini ya paa la makuti lisilo na kuta.

Kamati ya chekechea ilikuwa ya watu watatu: mimi mwenyekiti, Mzee Mwaringa ambaye ni mzee wa kijiji, na Kavumbi aliyewakilisha akina mama. Nilichaguliwa nikiwa na miaka ishirini na sita, sina mke wala mtoto, na wengi walicheka. Nikanunua kamba ya katani, nikapiga mafundo, nikapita nyumba kwa nyumba. Kila mama alikata kipande cha leso yake akakifunga kwenye fundo la mwanawe, ili mtoto alijue kwa rangi. Asubuhi mimi natangulia, Kavumbi anafuata nyuma, watoto katikati kila mmoja ameshika fundo lake. Mzee Mwaringa alipotuona siku ya kwanza alisema, "Mangi, siku ukipewa ubunge utatufunga kamba sisi sote." Lakini watoto walikuja. Wakawa wengi.

Uzuri wa kamba ulikuwa huu, kwamba hukuhitaji kuhesabu. Kwetu mtoto wa mtu hahesabiwi. Mbuzi hesabu, minazi hesabu, lakini mtoto ukimnyooshea kidole ukamtaja kwa namba, umemwonyesha kwa vile vinavyotafuta watoto. Hakuna anayevitaja kwa jina. Wanaoviogopa zaidi ni wale waliokwisha kuzika. Hata Mwalimu Phoebe, ambaye wazee wake walitoka Ukambani, aliniambia bibi yake akiulizwa ana wajukuu wangapi alikuwa akijibu, "Njoo wakati wa chakula uwaone." Kwa hiyo fundo tupu lingesema lenyewe, na hakuna mama ambaye angelalamika.

Siku moja kabla ya haya, afisa wa chekechea alikuja kutoka Kilifi, kijana mpole aitwaye Thuku, na fomu mkononi. Akatuambia kukiwa na watoto wasiopungua thelathini tutaongezewa mwalimu na tutajengewa darasa la mawe. Akauliza wako wangapi.

"Wako wa kutosha," akasema Mzee Mwaringa.

Thuku akacheka. "Mzee wangu, 'wa kutosha' haina nafasi kwenye fomu hii."

Akina mama walikuwa wamesimama pembeni na leso zao mabegani. Hakuna aliyefungua kinywa. Niliona darasa la mawe linatuponyoka kwa sababu ya kimya. Nikasimama, nikaenda mwanzo wa kamba, nikaweka kidole juu ya kichwa cha mtoto wa kwanza, nikasema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa mpaka barabarani: "Mmoja." Nikaendelea. Nilisikia mama mmoja akivuta pumzi, mwingine akageuza uso. Sikusita. Kichwa cha mwisho kilikuwa cha Pola, mtoto wa miaka minne, nywele zimesukwa mistari mitatu. Nikabonyeza kidole juu yake, nikasema, "Thelathini na mmoja."

Bibi yake, Hawe Kahaso, akanijia. Hawe ndivyo tunavyowaita bibi zetu, na huyu alikuwa hawe wa kijiji kizima. Alizika watoto wawili kabla ya kubaki na binti mmoja, mamake Pola, ambaye hufua mashuka katika hoteli huko Watamu na huja mara moja kwa mwezi.

"Mangi," alisema polepole, "umeishilizia kwa wangu."

"Hawe, nimeishilizia pale kamba ilipoishia."

"Wa mwisho ndiye anayeibeba namba. Wengine wote unawapita. Yeye unasimama juu yake."

"Namba haina meno, Hawe," nilimwambia, mbele ya afisa, mbele ya akina mama, na nikafurahi jinsi maneno yalivyotoka.

Alinitazama. "Basi wewe uliyewahesabu," akasema, "uwalinde wewe." Akamshika mjukuu wake mkono wakaenda zao.

Kwa hiyo asubuhi ile Kavumbi aliponiambia Pola amerudi kwa bibi yake, nilijua maana yake. Kikongwe amemtoa mtoto kwenye kamba ili kuivunja hesabu yangu. Na niliona usoni mwa Kavumbi kwamba yeye pia hakuchukia.

Mwalimu Phoebe akaja na ndoo ya maji. "Mwenyekiti, yule wa kitambaa chekundu?"

"Mwache," nikasema. "Thelathini wanatosha."

Maneno hayo niliyasema mimi. Hakuna aliyenilazimisha.

Tukaingia. Watoto walioshwa mikono, wakaimba, wakachora miduara mchangani kwa vijiti. Mimi nilikaa kwenye gogo nikijaza fomu aliyoniachia Thuku. Kuni za uji zilikuwa mbichi kwa mvua, uji ukachelewa. Ilikuwa yapata saa tatu Mwalimu alipoanza kuwapanga na vikombe vyao. Kila mtoto huja na kikombe chake kutoka nyumbani.

Ndipo Hawe Kahaso akatokea langoni. Alikuwa akitembea kwa haraka kidogo, ameinua leso yake isishike umande, na mkononi ameshika kikombe cha bati cha buluu.

"Nimewawahi?" aliuliza. "Alikisahau kwenye msumari. Nikasema mwanangu atanyweaje uji wenzake wakinywa."

Mwalimu Phoebe aliacha kuwapanga watoto.

Alipitisha macho juu ya watoto, toka mmoja hadi mwingine, bado anatabasamu. Kisha akapita tena, na tabasamu lilikuwa limebaki mdomoni tu.

"Pola wangu yuko wapi?"

Niliinuka kwenye gogo, fomu ikaanguka mchangani.

"Hawe," nikasema, "si alirudi kwako? Si ulimwita?"

"Nimwite nini? Nimemfunga leso mwenyewe, nimemshikisha fundo mwenyewe, nikaenda nyuma ya nyumba kupalilia. Sikumwita."

Kavumbi alikaa chini palepale. Hakulia. Aliweka tu mikono yote miwili juu ya kichwa.

"Huenda yuko nyumbani, Hawe," akasema Mwalimu Phoebe.

"Nimetoka nyumbani sasa hivi. Nimefagia, nimebandika chungu. Nyumbani hakuna mtoto."

Kila mtu akatazama upande mmoja. Hakuna aliyelitaja lambo.

Nilikimbia. Nakumbuka nilivyokimbia na wazo moja tu kichwani, kwamba imepita saa moja na nusu. Saa moja na nusu nilikaa kwenye gogo. Mzee Mwaringa alikuwa akikata nyasi kando ya njia. Nilipomwambia alilitupa panga akapiga ukemi, ile sauti ndefu ya hatari, na kutoka mashambani watu wakaitika. Wakaja wanaume na majembe mikononi, wanawake na watoto mgongoni. Mahindi yalikuwa marefu kuliko mtu. Wengine wakaingia humo wakiita, "Pola! Pola, we!" na sauti zao zikawa zinapotea na kurudi.

Maji ya lambo yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Huoni kidole chako ukikizamisha. Juu yake palikuwa pametulia, mdudu mmoja anatembea. Niliwaza kwamba maji haya yametulia mno, kisha nikawaza kwamba maji yaliyomaliza kazi hutulia vivyo hivyo, na miguu yangu ikakataa kwenda.

"Hapa," akasema Mzee Mwaringa.

Kwenye ukingo, penye alama za kwato za mbuzi, palikuwa na kandambili moja ndogo, ya kijani, kanda imekatika.

Hawe Kahaso alifika nyuma yetu akihema. Bado ameshika kile kikombe. Mzee Mwaringa alimwonyesha kandambili. Hawe aliipokea, akaigeuza, akaipangusa udongo kwa kidole gumba.

"Ni yake?" nikauliza.

"Sijui," alisema. "Nimemvika mwenyewe asubuhi, na sijui. Mangi, mbona sijui?"

Tuliingia majini wanaume saba, tumeshikana mikono, tukitembea kwa mstari kutoka ukingo hadi ukingo na kupapasa kwa nyayo. Mimi sijui kuogelea. Maji yalinifika kiunoni, kisha kifuani. Chini kulikuwa na tope laini linalonyonya mguu. Kila hatua niliomba nisikanyage kitu, na papo hapo niliomba nikikanyage, yaishe. Nilikanyaga tawi. Nikakanyaga jiwe. Kisha unyayo wangu ukagusa kitu laini chenye nguo.

Nilisimama. Waliokuwa wamenishika mikono walihisi nimesimama, nao wakasimama.

"Inama," Mzee Mwaringa aliniambia kutoka ukingoni. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilivuta pumzi nikazama. Giza jekundu. Nikashika nguo, nikaivuta, ikawa nzito, ikagoma, ikaachia. Nilipotoa kichwa nje nilikuwa nimefumba macho. Nilisikia tu wanawake ukingoni wakianza sauti ile ya msiba, halafu ikakatika. Nikafumbua macho. Lilikuwa gunia la sandarusi, limejaa mchanga, lile waliloacha mafundi wa trekta.

Nililitupa. Mwenzangu wa kulia akaniuliza kama nitaweza. Nikamwambia nyamaza tutembee.

Nilipotazama upande wa chekechea, niliwaona watoto wote wamekaa kwenye mkeka chini ya makuti, wamebanana, na Mwalimu Phoebe amesimama mbele yao amekunja mikono nyuma. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Nilielewa baadaye. Alikuwa akiwahesabu kwa siri, akikunja vidole mgongoni, anafika mwisho anaanza upya, kwa kuwa sasa hakuwa na hakika hata ya wale waliokuwa mbele ya macho yake.

Tukavuka lambo mara moja. Tukageuka kuvuka tena, hatua mbili upande wa kushoto. Baridi ilikuwa imeniingia mifupani. Kutoka ukingoni nilisikia Hawe Kahaso akizungumza, si na mtu, bali kama anavyosali.

"Jana nilimwambia," alikuwa akisema. "Nilimlaza nikamwambia, ningekuwa na nguvu ningekuweka juu kwenye mbegu, juu pale hakuna anayehesabu. Nilimwambia. Nikamwambia kesho usikubali kuwa wa mwisho. Sasa nani atanifutia maneno haya."

Wanawake walimpapasa mgongo. Hakuna aliyemsikiliza kwa maana; walisikiliza uchungu tu. Hata mimi yalinipita. Kisha akainua kichwa kama mtu aliyekumbuka.

"Chungu changu," alisema. "Nimeacha chungu cha pojo motoni, na nimesukumia kuni zote mbili. Kitaunguza nyumba."

"Iungue," akasema mwanamume mmoja majini.

"Nyumba ya makuti itachoma shamba zima," akasema Mzee Mwaringa. "Mangi, wewe una miguu ya haraka. Nenda kazime, urudi."

Nilikataa. Nilimwambia mimi sitoki kwenye maji haya.

"Kijana," akasema, na hakupandisha sauti, "wewe unatetemeka, huna msaada humo. Nenda kazime moto wa hawe wako."

Nilitoka, maji yananichuruzika, nikakimbia kupanda kilima. Nililia nikikimbia na nilishukuru hakuna anayeniona. Niliwaza nitamwambia nini mamake Pola simu ikipigwa Watamu. Niliwaza nitahama, nitakwenda Malindi, nitapanga chumba mtaa wa Barani, nitabeba mawe, sitachaguliwa tena na mtu yeyote kwa kazi yoyote.

Nyumba ya Hawe Kahaso ni ya udongo na makuti, mlango mmoja. Moshi ulikuwa ukipenya kwenye makuti yote kama nyumba inapumua. Niliingia nimejiziba pua kwa mkono. Kuni zilikuwa mbichi, hazikuwaka vizuri, zilifuka tu moshi mzito wa kijivu, na moshi wote ulikuwa ukipanda juu kwenye lutsaga. Hiyo ni dari ya miti iliyo juu ya jiko, ambako kila nyumba kwetu huweka mahindi na mbegu ili moshi ufukuze wadudu. Watu hupanda kwa ngazi ya miti miwili. Ngazi ilikuwa imelazwa chini ukutani.

Nikamwagia jivu, nikachomoa kuni, nikazitupa nje. Nikashika chungu kwa leso niliyoikuta hapo, nikakiweka chini. Macho yalikuwa yakiniwasha. Niligeuka niondoke.

Juu yangu, kitu kikakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo sana, kikavu, kama cha mbuzi. Nilisimama mlangoni. Nilingoja kije cha pili, na hakikuja, na kwa kweli katika siku ile yote, majini na kila mahali, hapo ndipo nilipoogopa kuliko kote, pale nilipongoja kikohozi cha pili katika nyumba iliyonyamaza.

Ngazi sikuitafuta. Nilipanda juu ya kinu, nikashika boriti, nikajivuta. Mahindi yaliporomoka yakanipiga usoni. Humo ndani hapakuwa na hewa, palikuwa na moshi tu. Nilipapasa kama nilivyopapasa lamboni, na mkono wangu ukagusa mguu. Mguu ulikuwa na joto. Ulikuwa hauna kiatu.

Nilimvuta Pola kutoka nyuma ya mapipa ya mbegu. Alikuwa amejibana kwenye pembe, uso ameubandika kwenye upenyo wa makuti ambako mwanga uliingia kwa upana wa kidole. Huo upenyo ndio uliomwokoa. Nilimteremsha sijui vipi. Nje, nilimlaza kwenye majani, nikampepea kwa shati langu lililolowa, nikampiga mgongoni, nikamwita. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Niliweka sikio kifuani kwake na moyo wangu mwenyewe ukapiga kelele hata sikusikia wa kwake.

Kisha akakohoa. Akakohoa tena, akatapika maji meusi, akafumbua macho yaliyokuwa mekundu kama ya mlevi, akaniona mimi. Akafunika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Usinihesabu," alisema.

Sikuweza kupiga ukemi. Nilimbeba tu nikashuka naye, na wa kwanza kutuona alikuwa Kavumbi, na ni yeye aliyepiga kigelegele mpaka waliokuwa majini wakadhani ni kilio.

Mtu mmoja aliyekuwa na pikipiki alimpeleka kwenye zahanati ya Vitengeni, bibi yake nyuma amemkumbatia. Alasiri wakarudi. Kifua kilikuwa kimechafuka lakini kilikuwa kinapumua, na daktari alitaka kumwona kila baada ya siku mbili. Kandambili za Pola zilikutwa juu kwenye mbegu; mwenye ile ya kijani hatujamjua mpaka leo.

Mambo yalijipanga baadaye, kwa vipande. Pola aliyasikia maneno ya bibi yake usiku. Asubuhi alipoona anawekwa kwenye fundo la mwisho, alimdanganya Kavumbi, akarudi, akapanda ngazi akaenda kukaa na mbegu mahali ambapo hakuna anayehesabu. Hawe Kahaso alipotoka shambani aliikuta ngazi imesimama.

"Nilidhani nimeisahau mimi," aliniambia. Tulikuwa tumekaa mlangoni kwake, mtoto amelala ndani kwenye kitanda cha kamba. "Kuku hupanda. Nikailaza. Nikawasha moto chini ya mwanangu, Mangi. Kwa mkono huu. Nikachukua kikombe nikaenda zangu nikitabasamu."

"Ni mimi, Hawe. Niliyemhesabu ni mimi. Na nilisema thelathini wanatosha."

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

Nilingoja anifukuze. "Basi tuko wawili," akasema.

Sikumaliza kujaza fomu ya Thuku. Nilikaa nayo siku tatu. Mara mbili alinipigia simu, nikaona jina lake, nikaacha iite. Kila nilipokaribisha kalamu kwenye ile nafasi ya namba, nilisikia kile kikohozi. Niliendelea kutangulia kamba asubuhi, lakini niligeuka nyuma kila hatua tano, na bado sikuwa na hakika. Usiku sikulala. Fundo linaweza kushikwa na mkono wa nani? Nilianza kuwaza kwamba labda mtoto mmoja ameshika mawili. Nilianza kuwaza kwamba labda kuna mtoto ambaye hana fundo kabisa, na hakuna anayejua.

Siku ya nne Hawe Kahaso alimleta Pola mwenyewe mpaka langoni, mtoto ameshika fundo lake, akikohoa bado. Akina mama walikuwepo, maana tangu siku ile walikuwa wakisindikiza kamba, wote. Mzee Mwaringa alikuwepo. Nilipotaka kusema "Achieni," Hawe Kahaso aliinua mkono.

"Bado," alisema. "Kwanza wahesabu."

Hakuna aliyecheka.

"Hawe," nikasema, "haina haja. Mafundo yote yana mikono."

"Siku ile mlipokuwa majini, nilisimama ukingoni nikajiuliza, na wengine? Kama amepotea wangu, na wengine je? Nikatazama kule chini ya makuti, nikaona vichwa. Vichwa tu. Hakuna mtu kijiji kizima aliyeweza kuniambia kama wamo wote, isipokuwa yule," na akamnyooshea Mwalimu Phoebe kidevu, "na yeye alikuwa akiona aibu. Wahesabu."

Nilikwenda mwanzo wa kamba. Nikanyoosha kidole juu ya kichwa cha mtoto wa kwanza. Kidole kilikaa hewani. Mimi niliyehesabu kwa sauti ya kusikiwa barabarani, sikuweza kusema mmoja.

Hawe Kahaso alinisogeza kando kwa kiwiko, si kwa ukali. Aliweka kiganja chake chote, si kidole, juu ya kichwa cha mtoto.

"Mmoja," akasema. Sauti ilikwaruza.

Akaenda kwa wa pili. Kwenye wa tano alisimama akafumba macho, nikadhani ameshindwa, kisha akaendelea. Kavumbi alikuwa ameuma ncha ya leso yake. Kila namba ilipotajwa, mama mwenye mtoto huyo alishtuka kidogo, kama mtu anayedungwa sindano, kisha akatulia. Kumi na tisa. Ishirini. Watoto walikuwa wametulia kwa namna ambayo watoto hawatulii. Ishirini na nane. Thelathini.

Alifika kwa Pola. Aliweka kiganja juu ya ile mistari mitatu ya nywele. Mtoto alimtazama bibi yake kwa macho yake ambayo bado yalikuwa mekundu, na kwa mikono yote miwili alikuwa amelishikilia fundo.

Hawe Kahaso alifungua mdomo, akaufunga. Akanigeukia.

"Hii itaje wewe," alisema. "Ni yako."

Upepo ulikuwa ukipita juu ya lambo, na maji yalikuwa yakimetameta baina ya mahindi. Nikasogea. Niliweka kiganja changu juu ya mkono wa kikongwe uliokuwa juu ya kichwa cha mtoto.

"Thelathini na mmoja," nikasema, kwa sauti ya chini, ili asisikie mwingine ila sisi.

Halafu tukasimama hivyo hivyo, sote, tukisikiliza kama kuna kitakachoitika.